Zamu Mbili Zilizopotea Łódź

Sataranji kwa Msomaji: Sehemu ya Tatu

Sehemu ya pili ilipotoka, mwalimu mmoja mstaafu alinikuta kwenye foleni ya posta. Alikuwa ameikata makala gazetini na kuikunja mfukoni. "Ndugu yangu," akasema, "umetueleza kwamba mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza siku zote. Sasa huyu mwenye nyeusi anakaa pale kufanya nini? Si ameshaachwa nyuma kabla hajagusa kitu?" Nilimjibu mbiombio kwa kuwa foleni ilikuwa inasogea, na jibu langu halikuwa na kichwa wala miguu. Leo namlipa deni lake.

Kwanza nikiri kwamba swali lake lina msingi. Katika rekodi za mashindano ya mabingwa, Nyeupe huvuna kama alama 54 au 55 katika kila 100 zinazogombewa, na Nyeusi huambulia zinazobaki. (Nikisema Nyeupe na Nyeusi nazungumzia kete. Asitokee mtu akanitafutia maneno.) Mhungaria András Adorján, bingwa mkubwa wa mchezo huu, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwahubiria watu kwamba Nyeusi hana shida yoyote, akaandika na vitabu juu ya jambo hilo. Mimi husema kwamba jambo lisilo na shida halihitaji mhubiri.

Faida ya Nyeupe inatokana na kitu kimoja tu, nacho ni zamu. Zamu ni mali. Haionekani ubaoni kama farasi au ngome, lakini huhesabika vilevile. Mcheza bao anaujua uchungu wa kutakata huku mwenzake ana mtaji: zamu imetumika, hakuna kilicholiwa. Katika sataranji huruhusiwi kuikataa zamu yako. Huwezi kumwambia mwenzako "pita, mimi nangoja." Lakini kuipoteza unaweza, tena kwa urahisi: ukiisogeza kete mara mbili kuifikisha mahali ambapo ingefika kwa mara moja, umemzawadia mpinzani hatua nzima. Na kama Nyeupe alianza akiwa mbele kwa hatua hiyo moja tu, akiipoteza wamekuwa sawa. Akipoteza ya pili, yeye ndiye wa nyuma, ingawa kete zake bado ni nyeupe na kila mtu ukumbini anadhani ana faida.

Hayo yote yalitokea waziwazi katika mchezo mmoja uliochezwa Łódź, Desemba 1907.

Łódź ni mji wa Poland, ila mwaka huo Poland haikuwa dola. Sehemu hiyo ilikuwa chini ya Tsar wa Urusi, na mji wenyewe ulikuwa wa viwanda vya nguo: mabomba ya moshi, vitambaa, vibarua, na Wayahudi wengi waliopenda sataranji kupita kiasi. Kete nyeusi zilikuwa mikononi mwa Akiba Rubinstein, mwenye umri wa miaka 27. Alizaliwa mji mdogo wa Stawiski, akasomeshwa dini ya Kiyahudi kwa matumaini kwamba siku moja angekuwa rabi. Mchezo wenyewe aliujua akiwa na miaka kama 16. Mabingwa wengi huanza wakiwa watoto wadogo, kwa hiyo huyu tunaweza kusema alipanda basi likiwa limeshaondoka. Hata hivyo, miezi michache kabla ya mchezo huu alikuwa ameshika nafasi ya kwanza katika mashindano makubwa ya Karlsbad. Mbele yake, nyuma ya kete nyeupe, alikaa Gersz Rotlewi, kijana wa miaka 18 tu. Msimwone Rotlewi kuwa kondoo wa kafara. Miaka minne baadaye, hukohuko Karlsbad, mwaka 1911, alishika nafasi ya nne katika kundi la wachezaji 26, na waliomtangulia walikuwa Teichmann, Schlechter na huyuhuyu Rubinstein.

Sasa toa ubao. Kama huna, chora miraba 64 kwenye karatasi na utumie vizibo vya soda. Kumbuka mapatano yetu ya wiki iliyopita: safu zinaitwa a hadi h kuanzia kushoto kwa Nyeupe, na mistari inahesabiwa 1 hadi 8 kuanzia upande wake. M ni mfalme, L ni malkia, N ni ngome, A ni askofu, F ni farasi. Askari hana herufi. Alama x ni kula, + ni mfalme ametishwa, na 0-0 ni ile hatua ya mfalme kujificha pembeni na ngome kumrukia upande wa pili. Mchezo wote ni huu:

1. d4 d5 2. Ff3 e6 3. e3 c5 4. c4 Fc6 5. Fc3 Ff6 6. dxc5 Axc5 7. a3 a6 8. b4 Ad6 9. Ab2 0-0 10. Ld2 Le7 11. Ad3 dxc4 12. Axc4 b5 13. Ad3 Nd8 14. Le2 Ab7 15. 0-0 Fe5 16. Fxe5 Axe5 17. f4 Ac7 18. e4 Nac8 19. e5 Ab6+ 20. Mh1 Fg4 21. Ae4 Lh4 22. g3 Nxc3 23. gxh4 Nd2 24. Lxd2 Axe4+ 25. Lg2 Nh3. Nyeupe akajisalimisha.

Hatua 25. Ukizicheza harakaharaka utamaliza kabla chai haijapoa. Lakini nakuomba usikimbilie kule mwishoni kwenye fataki. Simama kwanza kwenye hatua ya tano.

Baada ya hatua tano kwa kila upande, ubao ni kioo. Kila kete ya Nyeupe ina pacha wake upande wa pili: askari wa c na d wanatazamana, farasi wote wanne wametoka, malkia na maaskofu bado wamo nyumbani. Tofauti ni moja tu, kwamba zamu ni ya Nyeupe. Ile faida yake ya kuzaliwa bado anayo mkononi.

Hatua ya sita akaanza kuitumia vibaya. Alimla askari wa c5 kwa askari wake wa d4. Si kosa la kumfanya mtu ashike kichwa, lakini angalia limemfanyia nini mpinzani. Askofu mweusi alikuwa bado f8, hajasogea hata mara moja. Kwa kuja kulipa kisasi c5, ametoka nyumbani na kula kwa hatua ileile. Nyeupe amemfungulia mlango na kumwekea chakula mezani. Kisha Nyeupe akamfukuza kwa askari wa a3 na b4, naye akarudi d6. Jumla ya safari ya askofu huyo ni hatua mbili.

Rubinstein alikuwa na nafasi ya kufanya vilevile tangu mapema: askari wake wa d5 angeweza kumla yule wa c4 wakati wowote. Hakumla. Alingoja. Akamficha mfalme, akamleta malkia e7, huku amemwacha askari wake wa d5 katika hali ya kutamanisha, kama chambo. Rotlewi hakukila chambo hicho. Akafanya jambo la kawaida kabisa: hatua ya 11 akamtoa askofu wake wa f1 na kumweka d3. Wakati huohuo, si kabla, Rubinstein akala c4.

Hapo ndipo ufundi ulipo, na hakuna malkia aliyetolewa wala mfalme aliyetishwa. Askofu mweupe, ambaye ndiyo kwanza amefika d3, inabidi aondoke tena kwenda kula c4. Hiyo ni hatua yake ya pili. Mara askari mweusi anasogea b5 na kumfukuza, askofu anarudi d3 alikotoka. Hiyo ni ya tatu. Pacha wake mweusi amefika d6 kwa hatua mbili. Yeye amefika d3 kwa tatu. Zamu moja imekwenda na maji.

Ya pili aliipoteza malkia. Hatua ya 10 Rotlewi alimweka d2, mahali pasipo na raha, kwa sababu safu ya d ilikuwa inakaribia kufunguka. Mara askari walipolana, ngome nyeusi ikahamia d8 na kuanza kuchungulia. Mbele ya malkia alikuwapo askofu wa d3 tu kama pazia. Malkia akahama kwenda e2. Angekwenda e2 moja kwa moja tangu mwanzo, kama pacha wake mweusi alivyokwenda e7 mara moja, angeokoa hatua nzima.

Sasa simama kwenye hatua ya 15, Nyeupe anapomaliza kumficha mfalme wake. Tazama ubao. Ni kioo tena! Malkia wako e2 na e7. Maaskofu wako b2 na d3 kwa Nyeupe, b7 na d6 kwa Nyeusi. Farasi wote wako mahali pao. Askari a3 na b4 wanatazamana na a6 na b5. Kitu kimoja tu hakilingani: ngome nyeusi iko d8, kwenye safu iliyo wazi, wakati pacha wake mweupe yuko f1, nyuma ya askari wake. Na zamu sasa ni ya nani? Ya Nyeusi.

Hesabu kwa vidole. Nyeupe amecheza hatua 15, mbili zimepotea, zenye faida ni 13. Nyeusi amecheza 14 na zote zina faida. Aliyeanza nyuma kwa zamu moja amekuwa mbele: ngome yake imeshakaa safu ya d, na bado ni yeye anayecheza. Hakuna kete iliyozidi ya mwenzake wala askari aliyeibwa. Ukimwita mpita njia na kumuuliza nani anaongoza, atasema wako sare.

Nawaambia vijana ninaowafundisha Jumamosi kwamba mchezo huu uliamuliwa hapa, na huwa hawanikubalii. Wanataka kuona malkia akitolewa. Haya, twende tukamwone.

Rubinstein alizitumia zamu zake bila kuchelewa. Farasi akaruka e5, wakalana farasi kwa farasi, na askofu mweusi akakaa e5 akimtazama askari wa h2 kwa jicho baya. Kitisho kilikuwa hiki: askofu amle h2 na kumtisha mfalme, mfalme akimla, malkia mweusi anakwenda d6, anamtisha mfalme na papo hapo anamkamata yule askofu wa d3. Rotlewi aliliona hilo. Jibu lake lilikuwa kumsogeza askari wa f hadi f4 ili kumfukuza askofu.

Hapa kijana alikosea tabia zaidi ya hesabu. Angekubali kuwa yeye ndiye anayedaiwa, angetafuta hatua za unyenyekevu, abadilishane kete, apunguze makali. Badala yake alicheza f4, kisha e4, kisha e5, askari wakishuka kama jeshi linalokwenda kuteka mji. Mdaiwa alitembea kwa mwendo wa mdai. Na kila askari aliyesonga mbele aliacha nyuma yake uwazi. Askari wa f2 hayupo, askari wa e3 hayupo, na mshazari mrefu unaotoka a7 hadi g1, pale alipojificha mfalme, umebaki uchi. Wakati huo Nyeusi alikuwa ameleta ngome yake ya pili c8. Ngome ya pili ya Nyeupe, ile ya a1, ilikuwa bado imelala.

Hatua ya 19 askofu mweusi akahamia b6 na kumtisha mfalme. Waajemi kete hii waliiita tembo, na katika mchezo huu jina hilo lingemfaa zaidi, maana alisimama b6 na kuziba njia asitoke tena mtu. Mfalme akajibanza kona ya h1. Mraba wa g1 umekuwa haramu kwake hadi mwisho wa mchezo. Kumbuka jambo hilo, kila kitu kinachofuata kinaning'inia hapo.

Farasi mweusi akaruka g4. Nyeupe hawezi kumla kwa malkia bila kumwacha askofu wa d3 aliwe na ngome. Basi akamweka askofu e4, ili azibe mshazari wa askofu wa b7 aliyekuwa akilenga kona ya mfalme kutoka mbali. Malkia mweusi akaenda h4: sasa kuna kitisho cha kula h2 na kummaliza mfalme mara moja. Nyeupe akamsogeza askari g3, akimgusa malkia. Na kama angemsogeza wa h badala yake? Ngome ingekula c3 vilevile. Nyeupe akiila kwa askofu wake wa b2, askofu mweusi anakula e4. Malkia mweupe akija kumla e4, malkia mweusi anaingia g3. Askari wa h akimla farasi, malkia anarudi h4 na mfalme amekwisha. Ukizijaribu ubaoni utaona hakuna pa kutokea.

Sasa hatua ya 22. Malkia mweusi ameguswa na askari. Mtu yeyote angemwondoa. Rubinstein hakumgusa. Alichukua ngome ya c8 na kumla farasi wa c3. Siku nilipoionyesha hatua hii kwa mara ya kwanza, binti mmoja wa darasa la sita alinong'ona, "Amemsahau malkia." Mwenzake akamjibu, "Mabingwa hawasahau." Nikawaacha wabishane.

Farasi wa c3 alikuwa mmoja wa walinzi wa e4. Akimlipizia kisasi kwa askofu wa b2, Nyeupe anaachwa na mlinzi mmoja, malkia: askofu mweusi anakula e4 akimtisha mfalme, malkia mweupe anamla, na malkia mweusi anaingia h2, mfalme kwisha. Kwa hiyo Rotlewi alimchukua malkia. Huenda nami ningemchukua. Ukishakuwa shimoni, afadhali ushike kitu.

Na ndipo ikaja hatua ya 23, ambayo binafsi naiona nzuri kupita zote: ngome ya d8 ikateremka hadi d2, kando kabisa ya malkia mweupe, bila mlinzi yeyote. Hesabu kete za Nyeusi zinazoweza kuliwa sasa. Ngome ya c3 inaliwa na askofu. Ngome ya d2 inaliwa na malkia. Farasi wa g4 analiwa na malkia huyohuyo. Askofu wa b7 analiwa na askofu wa e4. Kete nne, juu ya malkia ambaye tayari ameshaondoka ubaoni. Ni kama mtu aliyeacha milango yote wazi akakaa barazani anakunywa kahawa.

Siri ni malkia wa e2. Yeye ni mlinzi mmoja wa milango miwili: analinda e4 upande wa mbele, na kwa mstari wa pili analinda h2. Ngome ya d2 inamlazimisha achague. Askofu wa b2 akiila ngome ya c3, askofu mweusi anakula e4 na kutisha. Malkia akimla, amekwisha kuuacha mlango wa h2, na ngome ya d2 inapita mstarini na kumaliza. Askofu wa e4 akimla mwenzake wa b7, ngome inamla malkia e2. Askofu anarudi g2 kuziba, ngome ya pili inakwenda h3, na hata akiila hiyo, ile ya e2 inakula h2, mfalme kwisha.

Rotlewi akala ngome ya d2. Sasa malkia amevutwa mbali na e4. Askofu mweusi akala e4, akamtisha mfalme. Malkia akarudi g2 kuziba njia. Na Rubinstein akaisogeza ngome ya c3, kimya, kwa mstari wa tatu, hadi h3. Hatua hiyo haili wala haitishi. Inangoja tu kumla askari wa h2. Malkia amefungwa pale g2, kwa sababu akiondoka bila kumla askofu, mfalme wake yuko wazi. Na akimla askofu wa e4, ngome inashuka h2 ikilindwa na farasi, mfalme anatazama g1 na kumkuta yule tembo wa b6 anamngoja. Rotlewi akajisalimisha.

Usifute ubao bado. Tazama nani ana nini. Nyeupe ana malkia, ngome mbili na askofu. Nyeusi ana ngome moja, maaskofu wawili na farasi. Kwa mizani ya sokoni, Nyeupe ni tajiri na Nyeusi ni fukara. Kisha itazame ile ngome nyeupe iliyo a1. Tangu mchezo uanze haijasogea hata mraba mmoja. Na ile ngome nyeusi iliyo h3, inayomaliza kazi, ni ipi? Ni pacha wake, iliyoanzia a8. Ilikwenda c8, ikala c3, ikafika h3. Hatua tatu. Ngome ya a1 nayo ingehitaji hatua za kuamka, na Nyeupe alikuwa amezigawa bure: moja kwa askofu, moja kwa malkia.

Mchezo huu watu wameuita Mchezo Usiokufa wa Rubinstein, na vitabu vingi huuanza kuusifia kwenye hatua ya 22. Mimi sikubaliani na mpangilio huo. Kutoa malkia wakati kila kete yako imelenga kona moja ni jambo ambalo mchezaji mzuri anaweza kuliona akikaa na kutulia. Lakini kumwacha askari wa c4 bila kumla kwa hatua kadhaa, mkono ukiwasha, mpaka askofu wa watu asogee kwanza, hilo linahitaji subira ya mtu aliyesoma maandiko mstari kwa mstari tangu utotoni.

Kuhusu waliocheza, habari zao si za furaha sana. Rotlewi aliugua, akaacha mashindano muda mfupi baada ya mafanikio yake ya Karlsbad, akafariki mwaka 1920 akiwa kijana wa miaka 31 hivi. Rubinstein alipanda juu sana. Mwaka 1909 huko St. Petersburg aligawana nafasi ya kwanza na Emanuel Lasker, bingwa wa dunia wa wakati huo, na katika mchezo wao alimshinda. Mwaka 1911 huko San Sebastián alikuwa mtu pekee aliyemfunga Capablanca. Mwaka 1912 alishinda mashindano matano. Pambano lake na Lasker la kugombea ubingwa wa dunia lilikuwa likiandaliwa, vita vya 1914 vikaingia kati, na halikufanyika kamwe. Baada ya vita akili yake ilianza kumsumbua, aliwaogopa watu. Hata hivyo mwaka 1930 huko Hamburg aliiongoza Poland kutwaa Olimpiadi ya sataranji, akicheza ubao wa kwanza michezo 17 bila kupoteza hata mmoja. Muda si mrefu baadaye akaacha mashindano kabisa, akaishi Ubelgiji, akanusurika katika vita vya pili ingawa alikuwa Myahudi katika nchi iliyotekwa na Wajerumani, na akafariki Antwerp mwaka 1961. Mashindano ya kumkumbuka yalianzishwa huko Polanica-Zdrój, Poland, mwaka 1963.

Mwalimu wangu wa posta, nadhani deni nimelipunguza. Ila nakuachia kazi, wewe na wasomaji wengine. Rudisha ubao hadi hatua ya 23, ngome nyeusi ikiwa imetua d2. Badala ya kuila ngome hiyo, mwache malkia mweupe amle farasi wa g4. Nyeusi anajibu kwa askofu kula e4, mfalme ametishwa. Nyeupe ana namna tatu za kuziba njia. Jaribu zote tatu, kwanza bila simu wala kompyuta, uone kila moja inaishia wapi. Majibu yatakuwa katika sehemu ya nne.